Mahindi, Ukungu na Ini Letu

Safari hii tuzungumze habari ya ini. Katika vijiji vyetu, kuanzia Diani mpaka Msambweni, mtu akivimba tumbo huku mwili unakonda na macho yanageuka manjano, maneno huwa mengi. Wengine husema karogwa. Wengine husema ni kichocho, maana watafiti wa kichocho wamekuja Msambweni miaka mingi. Lakini kichocho cha huku kwetu ni kile cha kukojoa damu, na kinachoumia zaidi ni kibofu. Saratani ya ini ina vyanzo vyake, na kimoja tunakiweka wenyewe ndani ya nyumba.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu yenye ukungu. Sumu iliyogunduliwa ikaitwa aflatoksini. Je, na binadamu? Hapa Kenya daktari C. A. Linsell, aliyefanya kazi Nairobi, na mwenzake F. G. Peers walilipeleka swali hilo Murang'a. Hawakuishia kwenye magunia. Waliingia majumbani wakachukua kiasi cha chakula kilichokwisha kupikwa, kile hasa watu walichokuwa wanakwenda kula, na wakarudi tena na tena. Kisha wakalinganisha na hesabu ya wagonjwa wa saratani ya ini. Matokeo yalitolewa 1973: kule juu penye baridi sumu ilikuwa kidogo, na kadiri ulivyoteremka kwenye joto sumu ilizidi, na saratani nayo ikazidi.

Wagonjwa hawakuwa wengi, na virusi vya homa ya ini aina ya B havikupimwa, kwa hivyo kazi hiyo peke yake isingetosha. Tafiti nyingine zikafuata, hata mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaitaja aflatoksini kuwa inaleta saratani kwa binadamu. Na virusi je? Utafiti wa Shanghai, China, uliotolewa 1994, ulionyesha kwamba mwenye sumu hii peke yake hatari yake ilikuwa kama mara 3 ya mtu wa kawaida, mwenye virusi peke yake kama mara 7, lakini mwenye vyote viwili karibu mara 60. Jamani, hivyo viwili vinasaidiana!

Sumu hii haiishi kwa moto wa kawaida wa jikoni. Ugali ukiiva, umeiva nayo. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na jirani zao watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wakiwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba. Hao walikula sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo haoni kitu, mpaka miaka imepita.

Sisi wa pwani joto tunalo, na unyevu wa bahari juu yake. Wazee walikuwa na uchaga juu ya meko, moshi ukakausha mahindi. Leo tunayatia kwenye magunia ya nailoni na kuyalaza sakafuni. Hatusemi turudie moshi, kina mama wanajua macho yao yalivyoteseka. Lakini tuanike juu ya turubai, si mchangani, na tuinue magunia kwa mbao. Kupima ni rahisi: tia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, kisha ngoja kidogo. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, yaanike siku nyingine moja kabla ya kuyafunga.

Yaliyoota ukungu yasipewe ng'ombe, maana sumu hutokea kwenye maziwa. Tunajua kutupa debe zima mwezi wa Mei si mchezo.

Na watoto wapelekwe kliniki. Tangu 2001 chanjo ya homa ya ini B imo katika sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo aulize hospitali kuhusu kupimwa.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Kwenu mahindi hulala wapi baada ya kuvunwa? Nani huamua yauzwe, yaliwe au yatupwe? Na yule jirani mwenye macho ya manjano, amekwisha fika hospitali au bado yuko kwa mganga?