Ulikuwa Wapi Habari Ilipokufikia?

SOMO LA FAMILIA
Masomo ya Biblia: Ezekieli 33:21, Nehemia 1:1-4, 2 Samweli 4:4, Luka 1:1-4



Jioni, watu wakiisha kula na moto ukiwa unazimika, mara nyingi mazungumzo yetu hufika mahali pamoja: "Wewe ulikuwa wapi siku ile?" Warundi huulizana juu ya Alhamisi tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa na wananchi. Wanyarwanda na Warundi huulizana juu ya Jumatano tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowabeba Marais Juvénal Habyarimana na Cyprien Ntaryamira kutoka mkutano wa Dar es Salaam ilipotunguliwa Kigali. Wakongomani huulizana juu ya Januari 2001, Rais Laurent-Désiré Kabila alipopigwa risasi Kinshasa. Na watu wa mataifa yote huulizana juu ya Jumanne tarehe 11 Septemba 2001, ndege zilipoangusha majengo mawili marefu ya New York.

Kila mmoja hujibu upesi. Huyu alikuwa kisimani. Yule alikuwa anapalilia mihogo. Mwingine alikuwa amekaa kando ya redio ya jirani, akisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Hata rangi ya nguo aliyovaa anaitaja.

Katika somo hili tutaangalia mambo matatu: jinsi Biblia inavyotunza kumbukumbu za namna hii, jinsi kumbukumbu zetu zinavyoweza kutuchanganya, na namna ya kuzitunza katika familia zetu.

1. BIBLIA NAYO INATAJA SIKU NA MAHALI

Nabii Ezekieli alikuwa uhamishoni Babeli pamoja na watu wake. Anatuambia mwaka, mwezi na siku ambayo habari ya kuanguka kwa Yerusalemu ilimfikia. Aliyeileta alikuwa mtu aliyenusurika na kukimbia, mkimbizi kama sisi. Mji ulikuwa umeanguka miezi mingi kabla, lakini kwa Ezekieli siku ya kuandikwa ilikuwa pia ile siku ambayo habari ilifika mahali alipokuwa.

Nehemia naye anafanya vivyo hivyo. Anasema alikuwa Shushani ngomeni, mwezi wa Kisleu, mwaka wa ishirini. Anamtaja aliyemletea habari, Hanani ndugu yake. Anaeleza habari yenyewe: ukuta umebomolewa na malango yameteketezwa. Kisha anaeleza alivyofanya: aliketi, akalia, akafunga na kuomba.

Tunajifunza hapa kwamba kukumbuka ulikuwa wapi si maneno ya kupoteza wakati. Ni sehemu ya ushuhuda. Tena tuangalie kwamba watumishi hawa hawakuacha mambo haya yakae moyoni tu. Yaliandikwa.

2. KUMBUKUMBU ILIYO WAZI INAWEZA KUWA NA KOSA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wetu hatujafundishwa. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Marekani, Roger Brown na James Kulik, waliandika juu ya kumbukumbu hizi. Waliona kwamba watu hukumbuka zaidi mambo sita: mahali walipokuwa, kazi waliyokuwa wakifanya, aliyewapa habari, hali ya watu waliokuwa karibu, jinsi wao wenyewe walivyojisikia, na kilichofuata. Wakati ule ilidhaniwa kwamba habari ya kushtua hupigwa kwenye akili kama picha, na picha haibadiliki.

Baadaye jambo hili lilipimwa. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilipasuka angani, na watu saba waliokuwamo wakafa. Asubuhi iliyofuata, Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory aliwapa wanafunzi karatasi waandike walivyoipata habari hiyo. Baada ya zaidi ya miaka miwili na nusu, wanafunzi 44 kati yao waliulizwa tena. Watatu tu ndio waliolingana kabisa na maandishi yao ya kwanza. Kumi na mmoja walikosa karibu kila jambo kuu, na wengi wa waliokosea walisema kwa uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao, waliujua mwandiko wao, lakini kumbukumbu ya kwanza haikurudi.

Neisser mwenyewe alikuwa na mfano wake. Kwa miaka mingi alikumbuka kwamba alipokuwa kijana alisikia habari ya kushambuliwa kwa Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, wakati akisikiliza mchezo wa besiboli redioni. Siku moja akatambua kwamba besiboli haichezwi mwezi wa Desemba.

Baada ya tarehe 11 Septemba 2001, watafiti wengine waliwafuatilia watu zaidi ya elfu tatu wa Marekani, wakaendelea kuwauliza baadhi yao kwa miaka kumi. Waliona kwamba kusahau kwingi hutokea mwaka wa kwanza. Baada ya hapo mtu huendelea kusimulia karibu vilevile, pamoja na makosa yaliyokwisha kuingia. Makosa juu ya tukio lenyewe yaliweza kusahihishwa na redio na magazeti. Lakini hakuna redio itakayomwambia mtu alikuwa wapi na nani siku ile.

Kwa nini inakuwa hivi? Hofu na huzuni huufanya ubongo ushike tukio kwa nguvu, na kwa hiyo hatusahau kwamba lilitokea. Lakini kila tunaposimulia tunalijenga upya. Tulichoambiwa na jirani kinachanganyika na tulichosikia wenyewe. Kitu cha siku ya tatu kinahamia siku ya kwanza. Shina linabaki, matawi yanabadilika.

Hatusemi haya ili mtu yeyote apate kisingizio cha kukana maovu yaliyofanyika. Mtu akikosea siku ya juma, haina maana kwamba rais hakuuawa au kijiji hakikuchomwa.

3. TUFANYE NINI KATIKA NYUMBA ZETU?

(a) Tusiitane waongo

Tuchukue mfano wa mume na mke wanaobishana juu ya kifo cha Rais Kabila. Mume anasema ilikuwa Jumanne. Mke anasema, "Hapana, baba watoto, ilikuwa Alhamisi, tulikuwa tumekwisha kutoka shambani." Ubishi unakuwa mkali hadi mmoja anamwambia mwenzake kwamba hata mambo mengine anayosimulia ni ya kutunga.

Sasa tuangalie yaliyotokea. Rais alipigwa risasi Jumanne tarehe 16 Januari 2001. Siku ileile redio za nje zilianza kusema amekufa, lakini serikali ilisema amejeruhiwa tu. Serikali ilithibitisha kifo chake Alhamisi tarehe 18. Basi aliyesikia redio za nje anashika Jumanne, na aliyengoja tangazo la serikali anashika Alhamisi. Wote wawili wanaweza kuwa wa kweli. Kabla ya kumhukumu mwenzako, muulize: "Wewe ulisikia kwa nani?"

(b) Tupime kwa vitu vinavyoweza kupimwa

Saa na kalenda hutusaidia. Ndege ya kwanza ilipiga jengo la New York saa mbili na dakika 46 asubuhi kwa saa za kule. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda ilikuwa saa tisa na dakika 46 alasiri. Kwa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo ilikuwa saa nane na dakika 46 mchana. Kwa hiyo ndugu anayesema alisikia habari hiyo Jumanne asubuhi akienda kuchota maji, huenda aliisikia Jumatano asubuhi. Hakudanganya. Siku imehama tu.

(c) Tuwe wakweli katika mahojiano

Jambo hili linatugusa sana sisi wakimbizi. Maofisa hulinganisha maelezo ya mume na ya mke, na maelezo ya leo na yale ya miaka iliyopita. Wengine kwa kuogopa hukaa usiku kucha wakipanga familia nzima iseme neno moja. Wengine huazima habari ya jirani kwa kuwa inaonekana nzito kuliko yao. Wapendwa, tusifanye hivyo. Sema ulichoona mwenyewe. Ulichosimuliwa, sema kwamba ulisimuliwa. Kama tarehe huikumbuki, sema huikumbuki, kisha eleza unachokijua: ilikuwa kabla ya mavuno, shule zilikuwa zimefungwa, mtoto wetu wa pili alikuwa ananyonya. Kusema "sina hakika" si dhambi, na si dalili ya uongo. Kukisia tarehe na kuisema kwa nguvu ndiko kunakoweza kukuletea shida.

(d) Tuandike mapema

Luka anatueleza mwanzoni mwa Injili yake kwamba alichunguza mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo, kutokana na walioyaona kwa macho yao, ndipo akaandika kwa taratibu. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa daftari moja la shule.

Kila mtu aandike peke yake kwanza, kabla ya kusikia ya mwenzake. Asiyejua kuandika amsimulie kijana, na kijana aandike kama alivyoambiwa, asiongeze chumvi. Fuateni yale mambo sita: mahali, kazi, aliyeleta habari, watu waliokuwapo, moyo wako, na kilichofuata. Andikeni pia tarehe ya leo mnayoandika. Kisha msomeane. Mkitofautiana, msifute, acheni maelezo yote mawili. Wekeni daftari ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mvua na panya. Na kama kuna mtu ambaye kidonda chake bado kibichi, msimlazimishe. Akae kimya, wakati wake utafika.

Kuna sababu nyingine ya kuandika. Brown na Kulik waliona kwamba Wamarekani weusi wengi kuliko weupe waliikumbuka saa waliyopata habari ya kuuawa kwa Martin Luther King, tarehe 4 Aprili 1968. Habari inayogusa nyumba yako ndiyo inayokaa. Dunia nzima inaweza kukuambia ilikuwa wapi tarehe 11 Septemba. Siku kijiji chenu kilipohama, wanaoijua ni ninyi tu. Msipoiandika ninyi, hatuoni mwingine atakayeiandika.

(e) Tuwakumbuke watoto

Mefiboshethi mwana wa Yonathani alikuwa na miaka mitano habari ya kifo cha Sauli na Yonathani ilipofika kutoka Yezreeli. Yaya wake alimchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto alianguka akawa kilema. Huenda Mefiboshethi hakuikumbuka siku hiyo vizuri. Lakini aliishi nayo miguuni maisha yake yote, na ilibidi mtu mzima amweleze kilichompata.

Kati yetu wako vijana waliobebwa mgongoni siku ile, na wengine waliozaliwa chini ya turubai. Wanasikia vipande vipande, mara nyingi wakati wazazi wanagombana. Kijana akiuliza, "Mama, kwa nini tuliondoka?", tumjibu kwa upole na kwa kweli, kadiri ya umri wake. Tumweleze tunachokijua na tuseme wazi tusichokuwa na hakika nacho. Tusimpe chuki juu ya kabila la mtu kwa habari ambayo sisi wenyewe tuliisikia njiani tu.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni habari gani ya dunia au ya nchi yetu ambayo kila mtu mzima wa nyumba hii anakumbuka alikuwa wapi alipoipata?
2. Je, ni nini tulichoona au kusikia wenyewe, na ni nini tulichosimuliwa baadaye?
3. Ni wapi maelezo yetu yanatofautiana, na kuna kalenda, barua au mtu anayeweza kutusaidia?
4. Je, yuko mtu tuliyemwita mwongo kwa sababu kumbukumbu yake haikulingana na yetu? Tutamwendea lini?
5. Nani atanunua daftari, na tutaanza siku gani?

Tunawashauri kila familia ianze na ukurasa mmoja juma hili. Wazee wetu wanapungua, na kila tunayemzika anaondoka na yale ambayo hatukumuuliza.

Bwana Mungu wetu, ambaye hasahau wala hachanganyi siku, awabariki na kuwalinda. Amina.