Umerudia Fegi? Usinifiche, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, sogea hapa karibu na jiko. Naijua baridi ya Elburgon alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia msitu wa Mau na vijana wa viwanda vya mbao wamejazana kibandani kungoja chai. Hapo ndipo unapoomba "moja tu". Sheria ya tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini mimi nawe tunajua zinauzwa.

Umemeza dawa za TB miezi 6, kifua kimetulia, suruali imeanza kukubana tena. Wengi huteleza saa hiyo hiyo. Ulipokuwa ukikohoa usiku kucha hukutaka hata kunusa moshi. Sasa umepata nguvu, unajiambia haitakudhuru.

Usijione mjinga, hujateleza peke yako. Mwaka 1983, kule Toronto, madaktari walimpandikizia mgonjwa pafu la marehemu, akaishi zaidi ya miaka 6. Tangu hapo wengi wamepata mapafu mapya, na humeza dawa maisha yao yote ili mwili usiyakatae. Hata miongoni mwao wapo waliorudia sigara. Nikotini haikai kifuani, mpenzi. Imejenga kichwani, na kichwa hakikubadilishwa.

Lakini nakusihi, usiifanye hiyo kuwa ruhusa. TB hurudi zaidi kwa wavutaji kuliko kwa wasiovuta, na kifua chako tayari kinabeba vumbi la mbao kutwa nzima.

Kinachoniuma zaidi ni kuficha. Unatafuna PK, unanawa mikono, mama watoto anakukumbatia na kunyamaza. Daktari anauliza, unajibu uliacha zamani. Kikohozi kikirudi, atapapasa gizani kwa sababu wewe ndiwe uliyezima taa. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Kuteleza si kuanguka. Hamu ikikubana, baada ya dakika chache tu hulegea. Toka kibandani, nenda ukanywe chai yako mbali na moshi, au nipigie simu. Usiweke hata moja mfukoni "ya dharura". Na ukienda kliniki, uliza kuhusu dawa za kusaidia kuacha, kisha sema wazi: "Daktari, nimevuta tena."

Aibu yake ni ya dakika moja. Ukitoka hapo, pitia kwangu. Sitakugombeza, nitakuwa nimeshakutilia chai.