Dondoo muhimu: Kupanua bustani ya nyuma ya nyumba, Minnesota

Kazi huanza vuli, si majira ya machipuko. Mwezi wa tisa au wa kumi, funika nyasi za eneo jipya kwa maboksi yaliyofunguliwa na kubanduliwa utepe wa plastiki, yaloweshe, kisha rundika juu yake mboji na majani makavu (majirani huyatupa kwa magunia, waombe). Theluji ikiyeyuka, nyasi nyingi zitakuwa zimekufa na jembe halitakuwa na kazi kubwa.

Lakini pima jua kwanza. Nyanya zinataka saa sita au zaidi, na mti uliopukutika hudanganya: kivuli chake hurudi Juni. Upande wa kusini wa nyumba ndio wenye joto.

Ukichimba, piga 811 siku chache kabla. Mabomba na nyaya zitawekewa alama bila malipo. Nyumba ya kabla ya 1978 huenda ilipakwa rangi yenye madini ya risasi, hivyo udongo wa karibu na kuta upimwe. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya kazi hiyo.

Sukuma wiki huvumilia baridi, hata huzidi utamu ikipigwa na jalidi. Mchicha na nyanya zisubiri nusu ya pili ya Mei. Vitunguu saumu vipandwe Oktoba.

Na matuta? Ongeza moja tu kwa mwaka. Magugu ya Julai hayana adabu.