Linda Masikio Unapodungwa Sindano: Kijitabu cha Familia za Busia, Malaba na Butula

Dawa zenyewe
Jentamaisini, amikasini, kanamaisini na streptomaisini ni dawa za ukoo mmoja, na zimeokoa wengi. Streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, ilikuwa antibayotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu. Jentamaisini pamoja na penisilini humwokoa mtoto mchanga mwenye maambukizi makali. Daktari akimwandikia mwanao, usikatae.

Zinadhuru vipi?
Ndani kabisa ya sikio mna seli ndogo zenye vinywele. Sauti ikiingia, vinywele hutikisika na seli hupeleka habari kwenye ubongo. Seli nyingine za namna hiyo hutuwezesha kusimama bila kuyumba.

Vinywele vinapotikisika, vijitundu hufunguka, na dawa hupenya humo. Ikijazana ndani, seli hufa. Kwa binadamu seli hizo hazioti tena, hivyo kusikia kulikopotea hakurudi. Zile zinazopokea sauti nyembamba hutangulia kufa, kwa hiyo mgonjwa huendelea kuzungumza na watu bila kujua kwamba anapoteza kusikia. Madhara yanaweza kujitokeza hata baada ya sindano ya mwisho.

Walio hatarini zaidi
- Mwenye ugonjwa wa figo, kwa kuwa dawa hukawia kutoka mwilini.
- Mzee, na yeyote anayedungwa kwa muda mrefu.
- Anayetumia furosemaidi, dawa ya kukojoza.
- Mwenye ndugu wa upande wa mama waliopoteza kusikia baada ya sindano. Udhaifu huo mama huwarithisha watoto.

Dalili
Masikio kuvuma au kulia, kuwaomba watu warudie maneno, kizunguzungu, kuyumba hasa gizani.

Fanya hivi
1. Kabla ya kudungwa, mweleze daktari habari za figo, masikio na dawa unazotumia.
2. Ikiwa sindano ni za siku nyingi, omba upimwe figo na usikivu, kabla na wakati wa matibabu.
3. Usinunue sindano kwenye duka la dawa bila cheti cha daktari, iwe upande wa Kenya au wa Uganda.
4. Dereva wa lori au mfanyabiashara anayevuka mpaka, tembea na kadi yako ya matibabu. Bila kadi, hospitali ya pili haitajua umekwisha kudungwa sindano ngapi.
5. Sikio likitoa usaha, usitie matone kabla ya kupimwa.

Kwa mgonjwa wa kifua kikuu sugu
Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vidonge vitangulie na kanamaisini iachwe. Ukiandikiwa sindano, uliza kama kuna vidonge vinavyokufaa. Matibabu ya kifua kikuu ni bure katika hospitali za serikali. Usiyakatize kwa kuogopa masikio.

Dalili ikitokea
Nenda siku hiyo hiyo hospitalini, iwe Khunyangu, Kocholia au Rufaa ya Kaunti ya Busia, kabla ya sindano inayofuata. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, na seli zilizobaki zikanusurika.