Asubuhi ya Biashara Street na Markiti, Mombasa

Mgeni akifika Mombasa hupelekwa kwanza kwenye Pembe za Moi Avenue, kisha Fort Jesus. Nenda, lakini itengee Biashara Street asubuhi moja. Wahi kabla jua halijakolea. Siku ya Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala, basi uwe umemaliza mapema.

Hapa ndipo penye leso. Muombe muuzaji akukunjulie, na usome jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujapenda rangi. Yako majina ya kumshukuru mama, yako ya kumpongeza mzazi, na yako mafumbo makali ambayo ukimpelekea mkweo utakuwa umemtukana bila kukusudia. Kama hulielewi, uliza: “Hii yafaa kupewa nani?” Utaelezwa vizuri, na pengine watu wawili watabishana mbele yako juu ya maana. Leso zenye chapa ya “Mali ya Abdulla” ni za Kaderdina, nyumba ya biashara iliyoko mjini tangu 1887.

Leso huuzwa jozi, vipande viwili vikiwa bado vimeungana. Usiondoke nayo hivyo. Mafundi wa cherehani wako nje ya maduka; watakukatia na kuipinda ukingoja. Ukifika nyumbani ifue peke yake mara ya kwanza, maana rangi huchuja.

Kisha vuka Digo Road uingie Markiti, soko lililofunguliwa 1914, ambalo kwenye ramani utalikuta kwa jina la Mackinnon. Matunda na mboga ni vya kila soko. Wewe fuata viungo. Nunua vizima, si vya kusagwa: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Pasua iliki moja. Ganda liwe kijani, mbegu ziwe nyeusi zenye kunata, na harufu ikufikie kabla hujaisogeza puani. Ikiwa imepauka na mbegu zimekauka, ni ya zamani, hata ukipunguziwa bei.

Bei huzungumzwa, ila kwa upole, na baada ya salamu. Chukua noti ndogo. Wengi hupokea M-Pesa pia. Simu usiitie mfuko wa nyuma, njia zina msongamano.

Na ukitaka kupiga picha, omba kwanza. Watu hawa wako kazini, na picha ya kuibia huwaudhi.