SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI: FUNZO KUTOKA KLABU YA MODO, USWIDI



Kila muhula huzuka ubishi ule ule bwenini: je, mwanafunzi anaweza kushika kitabu kwa mkono mmoja na gongo kwa mkono wa pili? Wazazi wengi husema la, eti mshika mbili moja humponyoka. Somo letu la leo linahusu mji mmoja mdogo ulioamua kujibu swali hilo kwa vitendo. Hebu tusafiri pamoja hadi Uswidi.

1. Mchezo wenyewe

Mpira wa magongo tunaujua. Huu wa barafuni ni ndugu yake, ila ndugu mwenye hasira! Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, mithili ya kisu, na kuteleza kwa kasi ya ajabu. Badala ya mpira wa mviringo wao hupiga kisahani kigumu cha mpira. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja, na kwa jinsi unavyochosha, mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja hivi kisha hupokezana na mwenzake.

Asidhani mtu kuwa mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Jijini Nairobi uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari mwaka 2005, na humo ikazaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

2. Mji na klabu

Örnsköldsvik ni mji wa pwani kaskazini mwa Uswidi, zaidi ya kilomita 500 kutoka jiji kuu, Stockholm. Wakazi wa mji wenyewe ni kama 30,000 tu. Majira ya baridi huko ni marefu, na kazi ya jadi ni ya misitu, mbao na karatasi.

Mwaka 1921 ilianzishwa hapo klabu iliyoitwa Alfredshems IK, na mwaka 1938 ikaanza kucheza magongo ya barafuni. Katika miaka ya 1960 ilichukua jina la kampuni ya mbao na karatasi iliyoifadhili, yaani Mo och Domsjö. Chukua herufi mbili za mwanzo za Mo na za Domsjö na utapata MODO. Ilitwaa ubingwa wa Uswidi mwaka 1979, ikangoja miaka 28, ikautwaa tena mwaka 2007. Kina dada nao hawakulala: timu yao ilikuwa bingwa mwaka 2012.

3. Matunda ya malezi

Sasa sikiliza maajabu. Peter Forsberg na Markus Näslund walizaliwa mwezi mmoja, Julai 1973, wakalelewa katika klabu hii. Forsberg ndiye aliyefunga bao la penalti kwa mkono mmoja dhidi ya Kanada katika fainali ya Olimpiki ya Lillehammer, mwaka 1994. Uswidi ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mchezo huo, na bao lenyewe likachorwa kwenye stempu ya posta! Näslund naye alikuwa nahodha wa Vancouver Canucks katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada.

Nyuma yao wakaja mapacha, Daniel na Henrik Sedin, waliozaliwa mwaka 1980. Mwaka 1999, vilabu vya NHL vilipochagua vijana, Daniel alichaguliwa wa pili na Henrik wa tatu, wote na Vancouver. Kisha akaja Victor Hedman, mzaliwa wa 1990, aliyetwaa Kombe la Stanley na Tampa Bay mwaka 2020 na 2021. Wote hawa ni wa mji mmoja usiojaza hata uwanja wa Kasarani!

4. Siri yao ni nini?

Kwanza, mtoto huanza mapema, na wazazi wanaojitolea hushika sehemu kubwa ya kazi: kufundisha, kusafirisha na kufunga kamba za viatu.

Pili, mfano uko karibu. Mapacha wa Sedin hawakuhitaji kusoma magazeti ya ng'ambo ili kujua kwamba inawezekana. Forsberg na Näslund walikuwa vijana wa mji wao.

Tatu, na hapa ndipo penye jibu la ubishi wetu, shule na klabu hushirikiana. Uswidi ina shule za sekondari zilizotenga nafasi kwa vijana wa magongo, na Örnsköldsvik inayo moja. Mwanafunzi husoma masomo ya kawaida kama wenzake, na mazoezi yamo ndani ya ratiba; si jambo la kuibia wakati wa prepu. Wengi wao hawafiki NHL, lakini hawatoki mikono mitupu. Wana elimu yao.

5. Hasara nayo ipo

Tusidanganyane kwamba yote ni asali. Klabu ndogo hulea, kubwa huvuna. Vijana hao wote waliondoka, na MODO ikashuka daraja mwaka 2016, ikapanda mwaka 2023, ikashuka tena 2025. Je, kazi ilikuwa ya bure?

Wahenga walinena: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. NHL iliposimama kwa mgogoro wa mishahara msimu wa 2004–05, Forsberg, Näslund na mapacha wote wawili walirudi kuichezea MODO. Näslund alirudi tena mwaka 2009, na alipoacha kucheza akawa meneja wa klabu. Basi, aliyelelewa vyema hasahau mlango wa kwao.

6. Tujifunze nini?

Hatuna barafu, lakini tuna viwanja, vipaji na watoto. Si lazima kuchagua kati ya darasa na uwanja. Lazima ni kuwa na mpango. Mwenye kipaji asifichwe, naye asitoroke hesabu. Na shule isiuhesabu mchango wake kwa vikombe vya kabatini pekee, bali pia kwa watu inaowatoa.

Maswali ya kujadili chamani

1. Eleza jinsi klabu ya MODO ilivyopata jina lake.
2. "Klabu ndogo hulea, kubwa huvuna." Je, huo ni uonevu au ni heshima? Toa sababu.
3. Tunga ratiba ya siku moja itakayompa mwanafunzi nafasi ya masomo na ya mazoezi, kisha umwonyeshe mwalimu wa michezo.