ANGUKO LA MWANADAMU: JE, TULIFUKUZWA KWETU KWA SABABU YA DHAMBI ZETU?

Kabla ya kuendelea, fungua Biblia usome Mwanzo sura ya 2 mpaka ya 4, Luka 13:1-5 na Warumi 5:12-21. Asiye na Biblia asome pamoja na jirani yake, maana Biblia za wengi wetu ziliungua pamoja na nyumba.

SWALI LILILOLETA SOMO HILI

Siku moja baada ya ibada, mama mmoja alinifuata akasema: "Mchungaji, nina swali, lakini naogopa jibu lake." Mtoto wake mdogo alifia porini, siku ya nne ya kutembea kutoka Palma kwenda Nangade, baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021. Hawakuwa na maji. Akaniuliza: "Adamu alitenda dhambi, Mungu akamfukuza bustanini. Sisi nasi tumefukuzwa. Je, mimi nilitenda dhambi gani?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinichoma, kwa sababu jibu aliloliogopa alilisikia kwangu. Tulipofika hapa mara ya kwanza nilihubiri chini ya mkorosho kwamba Mungu ametutoa kwetu kama alivyomtoa Adamu, kwa ajili ya ulevi, uzinzi na uvivu wa kutoa sadaka. Watu walilia sana, nami nikadhani nimehubiri vizuri. Nilikosea. Somo hili ni la kusahihisha kosa langu.

1. NI NINI KILITOKEA EDENI?

Mungu aliwapa Adamu na Hawa miti yote ya bustani isipokuwa mmoja. Nyoka hakuanza kwa kuwaambia waibe. Alianza kwa kuwatia shaka, kana kwamba Mungu anawanyima kitu kizuri. Walipokula, mambo manne yaliharibika.

(a) Uhusiano na Mungu. Waliposikia anatembea bustanini, walijificha kati ya miti. Mtu aliyeumbwa akae na Mungu sasa anamkimbia.

(b) Uhusiano wa mtu na mwenzake. Adamu alimsingizia mke wake, tena akamlaumu Mungu aliyempa mke huyo. Hawa naye akamlaumu nyoka.

(c) Uhusiano na ardhi. Shamba likaanza kutoa miiba, na chakula kikapatikana kwa jasho.

(d) Uhai wenyewe. Kifo kikaingia, mtu akarudi mavumbini.

Usiishie sura ya 3. Katika sura ya 4 Kaini anamwua ndugu yake Habili shambani. Tunda lililoliwa na wazazi limezaa damu kwa watoto. Hii ndiyo maana ya anguko: dhambi haikubaki pale mtini, iliingia katika jamii yote ya wanadamu, kama Paulo anavyofundisha katika Warumi 5.

2. PALMA SI EDENI

Hapa ndipo nilipopotoka. Linganisheni wenyewe. Adamu alijua amri akaivunja. Yule mtoto aliyekufa kwa kiu alivunja amri gani? Adamu alitolewa na Mungu mtakatifu. Sisi tulitolewa na watu wenye bunduki na mapanga, waliochoma nyumba na kuua. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017, vita hii imepita vijijini na visiwani, na mwaka 2022 idadi ya waliokimbia makwao ilizidi milioni moja. Je, hao wote walikuwa waovu kuliko watu wa Maputo ambao hawakusikia hata risasi moja?

Bwana Yesu aliulizwa jambo la namna hii. Watu walimwambia habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye mwenyewe akaongeza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akakataa kabisa kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, kisha akawaita wasikilizaji wote watubu. Na katika Yohana 9, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, aliwakatalia vilevile.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Anguko linatueleza kwa nini dunia ina vita, kiu na kaburi. Halitupi ruhusa ya kumnyoshea kidole mfiwa na kumwambia kwamba msiba wake ni adhabu ya dhambi yake.

3. MWALIMU MWAFRIKA NA WAKIMBIZI WA ROMA

Katika chuo cha Biblia tulijifunza habari za Augustino, askofu wa Hipo, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Mwaka 410 jeshi la Wagothi liliuteka mji wa Roma, na wakimbizi wengi wakavuka bahari kuja Afrika. Watu wakauliza kama sisi: kwa nini? Augustino akaanza kuandika kitabu kikubwa, Mji wa Mungu, kati ya mwaka 413 na 426. Alifundisha kwamba mateso ya vita huwapata wema na wabaya pamoja. Tena alisema wazi kwamba wanawake walionajisiwa na askari hawakupoteza usafi wao mbele za Mungu, kwa maana hawakukubali uovu ule. Akina mama na mabinti, lisikieni neno hili. Aibu ni ya aliyetenda.

Augustino ndiye aliyefundisha kwa nguvu kuliko wengi kwamba dhambi ya Adamu imetufikia sote. Lakini hakuigeuza kuwa fimbo ya kuwapigia waliokimbia. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 430, Hipo ikiwa imezungukwa na jeshi la Wavandali.

4. LAKINI SISI NASI NI WATOTO WA ADAMU

Tusidhani basi kwamba dhambi iko porini kwa wale tu. Mwenye kuandika majina hewa ili apate magunia mawili ya mchele, huyo anajificha kati ya miti. Mwenye kumdai mwanamke mwili wake ndipo jina lake liingie kwenye orodha, huyo ni nyoka wa kambi. Mume anayempiga mkewe kwa hasira ya mashamba aliyoyaacha, huyo ni Adamu anayemsingizia Hawa. Ukimbizi si dhambi, lakini hautuondolei wajibu wa kutubu.

Wala dhambi si ya kabila moja wala ya dini moja. Majirani zetu Waislamu wamekimbia pamoja nasi na kuzika watu wao kama sisi. Wao pia wanamjua Adamu na Hawa. Wanafundisha kwamba Adamu alitubu akasamehewa, na kwamba hakuna mtu anayebeba mzigo wa dhambi ya mwingine. Sisi tunafundisha kwamba udhaifu wa Adamu umo ndani yetu sote, ndiyo maana tunamhitaji Mwokozi. Tofauti hiyo ipo, tusiifiche. Lakini isitufanye tuwanyime ndoo ya maji foleni inapokuwa ndefu.

5. MUNGU ALITOKA NAO

Kabla ya kuwatoa bustanini, Mungu aliwashonea mavazi ya ngozi akawavika. Tena alitoa ahadi kwamba uzao wa mwanamke utamponda nyoka kichwa. Na nje ya bustani, Hawa alipojifungua, alikiri kwamba Bwana amemsaidia. Maana yake, Mungu hakubaki ndani ya lango. Katika Kristo, Adamu wa pili, alikuja mpaka kwetu. Akiwa mtoto alikimbizwa Misri, na alipokuwa mtu mzima aliuawa nje ya mji. Katika Ufunuo 22 mti wa uzima unaonekana tena, na majani yake ni ya kuponya mataifa.

Mama yangu uliyeniuliza, hili ndilo jibu lako: mwanao hakufa kwa ajili ya dhambi yako. Mungu hakuwa nyuma yako na upanga. Nisamehe kwa yale niliyohubiri.

MASWALI YA VIKUNDI

1. Je, umewahi kumwambia mfiwa neno lililomwongezea mzigo? Utalirekebishaje?
2. Sisi hapa kambini tunajificha wapi Mungu anapotutafuta?
3. Ni jambo gani moja tutakalofanya wiki hii pamoja na majirani zetu?

TUOMBE: Ee Bwana, uliyewavika Adamu na Hawa, utuvike na sisi. Utusamehe dhambi zetu, utuondolee hatia isiyo yetu, uwafariji waliozika njiani. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.